Ufunguo Kwenye Msumari wa Twaha

Jumatano, saa tisa na dakika thelathini na tano alasiri, Leodegar alianguka na pikipiki yake Manzese, hatua kumi kutoka kijiwe cha kahawa cha Twaha. Alikuwa akija polepole kama anavyokuja siku zote, ndiyo maana kijiwe kizima kinamwita Taratibu. Maji ya sabuni ya waosha magari yalikuwa yametapakaa njiani. Gurudumu la mbele liliteleza, pikipiki ikalala ubavu, kisogo chake kikagonga ukingo wa zege wa mtaro. Helmeti ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Haikupata hata mkwaruzo.

Waliombeba hadi kwenye benchi walikuwa wawili, Twaha mwenyewe na Mashaka, fundi pikipiki wa upande wa pili wa njia, aitwaye Eksirei kwa sababu hutaja ugonjwa wa injini kabla hajaifungua. Kwenye benchi walikuwepo tayari watu wawili. Mzee Marijani, mstaafu wa bandarini, anaitwa VAR, maana hakuna ubishi unaofungwa hapo kabla hajaurudia mwenyewe na kutoa uamuzi. Wilfred, mlinzi wa ghala, anaitwa Kifurushi, maana simu yake haikosi intaneti. Hivyo ndivyo anavyosema yeye.

Kabla hajamletea mgonjwa maji, Twaha alirudi kwenye pikipiki, akachomoa ufunguo, akaja kuutundika kwenye msumari uliopigwa katika nguzo ya kibanda chake, juu kidogo ya jiko la mkaa. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Ndiyo sheria ya pale.

Sheria hiyo ina miaka miwili. Zamani dereva akianguka alipewa pole, maji na kahawa, kisha akaendelea na safari zake. Ndivyo ilivyokuwa kwa Jabiri. Jabiri aligonga kichwa kwenye nguzo ya daraja la waenda kwa miguu, akapumzika nusu saa, akataniana na watu, akaomba ufunguo wake. Twaha ndiye aliyekuwa ameushika, akampa. Jabiri alianguka tena kabla ya kufika Magomeni, na mara hiyo hakuinuka mwenyewe. Sasa anaishi Kiwalani kwa dada yake, na akivaa viatu huelekezwa kipi cha kulia. Twaha humpelekea kashata kila mwisho wa mwezi. Jabiri humshukuru sana, halafu humwuliza jina.

Baada ya hapo benchi lilikubaliana. Dereva yeyote anayeanguka karibu na pale, ufunguo wake unakwenda msumarini, na haondoki mpaka benchi limpime. Wapimaji ni wote waliokaa. Mwenye birika peke yake hana kura, kwa kuwa anauza kwa wote. Twaha ndiye aliyeomba iwe hivyo. Hakutaka tena kuwa mtu wa kukata shauri. Alitaka kulinda msumari tu.

Taratibu alifumbua macho.

— Taratibu, VAR alimwita. Hapa wapi?

— Hapa si kwa Twaha? Mbona mmenizunguka kama mwizi wa kuku?

Benchi likacheka. Twaha naye alicheka, akahisi mabega yanashuka.

— Mzima huyo, Eksirei alisema. Pikipiki ikiwaka kwa kiki ya kwanza, ujue bloku ya injini haijapasuka.

— Kichwa siyo pikipiki, bwana, Kifurushi alisema.

— Tofauti iko wapi? Ndani kuna majimaji, kuna nyaya, kuna moto. Kilizima, kimewaka. Ishu imeisha.

— Kilizima muda gani?

— Kidogo tu.

— Kidogo ndiyo ngapi?

— Kidogo, Kifurushi. Mie nilikuwa nimembeba miguu, sikuwa nimebeba saa.

Taratibu alijishika kisogo, akatazama kiganja. Hakukuwa na damu.

— Twaha, nipe kahawa, alisema. Leo hata sijaonja.

Ilikuwa kweli. Twaha alimimina kikombe, akakiweka kwenye sinia mbele yake. Kwa Twaha vikombe vina utaratibu wao. Kikombe kilichosimama wima huongezwa. Kikombe kilichofunikwa, mdomo chini, mwenyewe ametosheka, hadi kesho. Kilichofunikwa hakifunuliwi tena mpaka kioshwe. Katika miaka sita Taratibu hakupata kuzidisha kimoja. Hunywa, hufunika, huondoka.

Alikunywa. Akafunika.

— Yule abiria wangu wa Kinyerezi hajapiga? alimwuliza Twaha.

— Simu iko mfukoni kwako, kaka.

Taratibu aliitoa, akaitazama, akairudisha. Abiria huyo alikuwa Najma, fundi wa magauni wa jirani na kituo cha Tip Top. Walikuwa wamepatana saa kumi kamili, na pale palibaki kama dakika kumi.

— Haya, tumpime mtu aende kazini, VAR alisema, akavuta kiti chake cha plastiki mpaka magoti yake yakakaribia ya Taratibu. Nyamazeni wote. Taratibu, nitajie kikosi cha Kombaini ya Manzese, mwaka tisini na sita.

Taratibu hakusita hata kidogo.

— Golini Fakihi. Kulia Chande. Kushoto Sadiki Mkono. Kati, Mbwana na yule mrefu, Leodegar mie mwenyewe...

— Ulikuwa benchi wewe!

— Nilikuwa benchi kipindi cha kwanza, mzee. Kipindi cha pili niliingia.

— Uliingia dakika ya themanini na tisa, kubeba machela.

Walicheka mpaka waosha magari wakageuka. Taratibu aliendelea hadi mtu wa kumi na moja, akaongeza jina la kocha na la mwenye mpira. VAR alipiga paja.

— Mmesikia? Miaka karibu thelathini hiyo. Mtu aliyevurugika kichwa anaweza kukumbuka mwenye mpira?

Twaha alikuwa akipepea mkaa. Yeye hapendi mpira, na hata hivyo kikosi hicho anakijua kuanzia golini hadi kwa mwenye mpira, maana Taratibu hukitaja kila Ijumaa. Alifikiri kulisema hilo. Kisha akakumbuka kwamba hana kura.

— Na isitoshe, VAR alisema, huyu ni Mmakonde. Kichwa cha Mmakonde kimechongwa kwa mpingo. Huo mtaro ndiyo wa kuhurumiwa. Eksirei, hebu nenda kautazame kama haujapasuka.

— Na cha Mzaramo ni nazi, Taratibu alisema. Ukikikuna unapata tui.

— Shikamoo, Taratibu!

— Usiniamkie wewe mzee, utanipa mkosi.

Alicheka pamoja nao, halafu kicheko kikakatika katikati. Alifumba macho, akakaza meno, akakaa hivyo kwa muda wa pumzi tatu. Alipoyafumbua alimtazama Twaha.

— Nipe kahawa basi. Leo hata sijaonja.

Twaha alitazama kikombe kilichofunikwa mbele yake. Akamtazama Taratibu usoni kuona kama ni utani. Haukuwa utani. Alichukua kikombe kingine, akamimina.

— Mwache anywe, Eksirei alisema. Mtu aliyeanguka huwa na kiu.

Kifurushi alikuwa amewasha tochi ya simu.

— Sasa tuje kwenye mambo ya kitaalamu. Kuna kitu wanaangaliaga kwenye mboni. Taratibu, nitazame.

— Zima hiyo!

Sauti ilikuwa kubwa. Waosha magari waligeuka kwa mara ya pili, na safari hii hawakuwa wakicheka. Taratibu alikuwa ameweka kiganja machoni.

— Zima, nimekwambia! Unataka kunipofua?

— Pole, braza. Nilikuwa napima tu.

— Kampime mama yako.

Katika miaka sita hakuna aliyewahi kumsikia Taratibu akimtaja mama wa mtu.

— Umemwudhi, VAR alimwambia Kifurushi. Hata mie ungenimulika usoni mchana kweupe ningekutukana. Hiyo ni afya. Mgonjwa hana nguvu za kutukana.

— Basi nasoma, Kifurushi alisema. Hapa nimepata ukurasa wa hospitali, siyo wa majungu. Sikilizeni. Dalili za hatari baada ya kugonga kichwa. Moja, kutapika zaidi ya mara moja.

— Hajatapika, Eksirei alisema.

— Mbili, kichwa kuuma na kuzidi kuuma.

— Taratibu, kichwa kinauma?

— Kidogo.

— Kinazidi?

— Kinazidi nyie mkiongea.

— Safi. Endelea.

— Tatu, ku...

Kifurushi alisogeza kidole kwenye kioo. Akasogeza tena. Akainua simu juu ya kichwa chake, akaishusha.

— Tatu, ku-nini?

— Ukurasa umegoma.

— Umeishiwa bando wewe.

— Mie siishiwagi. Mtandao tu umeyumba. Yale mabasi ya mwendokasi yakipita mengi kwa pamoja, mtandao huyumbaga.

— Tatu, kucheka ovyo, VAR alisema. Hiyo naijua.

— Tatu, kukojoa ovyo, Eksirei alisema. Au kuoa.

— Kuoa?

— Nilimjua mtu Kinyerezi, geti la chuma lilimpiga hapa, kwenye paji. Wiki ya pili kaoa.

— Si alikuwa na mchumba?

— Hakuwa hata na kitanda.

— Taratibu, VAR aliuliza kwa sauti ya hakimu, unajisikia kuoa?

— Nina mke, na anatosha.

— Mnaona. Dalili ya tatu hana.

Taratibu alimaliza kikombe cha pili. Alikifunika kando ya kile cha kwanza.

— Abiria wangu wa Kinyerezi hajapiga? aliuliza.

— Simu iko mfukoni kwako, kaka, Twaha alisema, kwa maneno yale yale ya mwanzo, ili asikie mwenyewe kama yatamkumbusha kitu.

Taratibu aliitoa simu, akaitazama, akairudisha. Alifanya hivyo kwa mkono ule ule na kwa uso ule ule.

— Mnamwona anavyojali kazi? VAR alisema. Ameanguka, na bado anafikiria abiria. Vijana wa siku hizi wangekuwa wameshalala nyumbani.

Twaha aliacha kupepea.

— Mzee VAR, alianza, naona vikombe...

— Twaha, mwenye birika ana kura?

— Hana.

— Nani alisema hana?

— Mimi.

— Basi pepea mkaa.

Twaha akapepea. Alianza kuona kitu ambacho angependa kionwe na mtu mwingine. Siku ile ya Jabiri alikuwa amekiona pia. Jabiri alimwita mara mbili kwa jina la baba yake yeye Jabiri, na Twaha akafikiri ni mzaha.

Eksirei alimsimamisha Taratibu na kumtembeza juu ya ukingo wa mtaro, mguu mbele ya mguu, mikono imenyooshwa. Alikwenda hatua nane vizuri. Alipogeuka alishika nguzo ya kibanda, akabaki ameishika.

— Nguzo hiyo kila mtu anaishikaga, Eksirei alisema. Mbona mie nikitoka bafuni nashika ukuta? Cha muhimu ni mpangilio wa ndani. Mnajua ubongo unaelea? Kama oili kwenye injini. Pikipiki ikilala ubavu, oili inakwenda upande mmoja. Ukiiwasha hapo hapo, moshi. Unaisimamisha, unangoja, oili inarudi chini. Sasa huyu amekaa wima dakika ngapi?

— Nyingi tu.

— Ubongo umeshateremka.

— Hilo linapimika, Kifurushi alisema. Hii simu ina dira, na dira haihitaji bando.

— Kwa hiyo bando limeisha?

— Sijasema hivyo. Nasema dira. Kichwani kuna chuma chuma, kwenye damu. Damu ikikusanyika mahali pamoja, dira lazima icheze.

Aliweka simu juu ya utosi wa Taratibu. Watatu wakainama kuitazama. Hata mwosha magari mmoja alisogea, kitambaa cha maji mkononi.

— Kaskazini kuko wapi? VAR aliuliza.

— Kaskazini ni huku, kwa muuza mitumba.

— Na dira inasema?

— Inasema kwa muuza mitumba.

— Haijacheza!

— Haijacheza hata nukta.

— Basi hapo hata daktari hana la kuongeza, VAR alisema. Tumempima kumbukumbu, anayo. Tumempima matusi, anayo. Miguu anayo. Ubongo umeshuka, damu imetulia, dira imethibitisha. Anayempinga Taratibu anyooshe mkono.

Hakuna aliyenyoosha.

Taratibu alikuwa amekaa tena, ameinamisha kichwa, akiepuka mwanga uliokuwa ukipita chini ya turubai. Mbele yake kulikuwa na vikombe vitatu vilivyofunikwa. Cha tatu alikiomba wakati Kifurushi akiitafuta dira kwenye simu. Alisema leo hata hajaonja. Twaha alimpa maji ya moto yenye tangawizi, akangoja aseme kwamba hiyo siyo kahawa. Taratibu alikunywa yote, akasema kahawa ya leo imekolea, akafunika.

— Twaha, VAR alisema. Uamuzi umetoka. Mpe mtu ufunguo wake.

Mkono wa Twaha ulikwenda hadi msumarini. Vidole viligusa kile kipande cha kitambaa chekundu ambacho mke wa Taratibu alikifunga kwenye ufunguo usipotee. Viliishia hapo.

— Shikamooni, ilisema sauti ya kike.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, ameshika gauni jeupe lililofungwa kwenye nailoni, amelinyanyua juu lisiguse chini.

— Marahaba, mwanangu, VAR alisema. Karibu.

— Namtafuta dereva mmoja, Leodegar. Mie Najma. Nimengoja saa kumi imepita, nimepiga simu inaita tu. Muuza chipsi pale akaniambia ameanguka, yuko huku.

— Huyu hapa, mzima kama jiwe, Eksirei alisema. Anakungoja wewe tu.

— Simu inaita? Kifurushi aliuliza. Taratibu, hukuisikia?

Taratibu aliitoa simu mfukoni. Kioo kilionyesha kwamba imepigwa mara nne, ikiwa kwenye mtetemo. Aliitazama kama aliyepewa simu ya mtu mwingine.

— Haijalia hii, alisema.

Najma alimtazama. Halafu akalitazama gauni, akaitazama saa yake.

— Hili ni la bi harusi, anaagwa kwao leo kwenye sendofu yake, Kinyerezi. Saa kumi na mbili anatakiwa awe amelivaa. Kwa hiyo nina haraka, siwezi kusema sina. Ameanguka vibaya?

— Alianguka vizuri kabisa, VAR alisema. Kisogo tu.

— Alipoteza fahamu?

— Kidogo.

— Na nyie mnasema amepona.

— Tumempima. Hiki ni kijiwe chenye utaratibu, sista, Kifurushi alisema. Mpaka dira tumeweka.

— Asilimia mia?

— Mia na chenji, Eksirei alisema.

Najma alimpa mwosha magari lile gauni amshikie, akajifunga mtandio vizuri.

— Haya. Basi nani kati yenu anatangulia kukaa nyuma yake? Mpaka darajani na kurudi, si mbali. Akirudi naye salama, na mie napanda.

Eksirei alitazama karakana yake upande wa pili wa njia. VAR alishika goti la kushoto, akalisugua. Kifurushi aliitazama simu isiyo na bando. Basi la mwendokasi lilipita kule barabara kubwa, na wakati linapita kila mtu alikuwa na sababu ya kutosema. Lilipokwisha kupita, sababu ikaisha.

— Mie goti hili, VAR alisema. Kupanda pikipiki daktari alinikataza.

— Mie kuna mteja kaniachia piston mezani, Eksirei alisema.

— Wewe? Najma alimwuliza Kifurushi.

— Mie naingia zamu saa kumi na mbili.

— Ni saa kumi na dakika kumi, kaka.

Kifurushi aliigeuza simu kiganjani. Taratibu aliinua kichwa.

— Twaha, alisema kwa upole, kwa sauti yake ya kila siku. Nipe kahawa. Leo hata sijaonja.

Twaha aliondoa mkono msumarini. Ufunguo ulibaki ukiyumba. Alizunguka jiko, akachuchumaa mbele ya sinia.

— Kaka Leodegar, hivi vikombe ni vya nani?

Taratibu aliviangalia.

— Vya watu.

— Watu gani?

— Waliokuja. Wamekunywa, wameondoka.

— Hakuna aliyekuja. VAR kikombe chake kile pale mkononi. Eksirei hajanywa leo. Kifurushi chake kimesimama. Hivi vitatu vimefunikwa mbele yako.

— Mie nakunywaga kimoja.

— Najua, kaka. Miaka sita nakumiminia. Leo umekunywa vitatu, na kila kimoja umesema ndiyo cha kwanza.

Taratibu aligusa kikombe cha katikati kwa ncha ya kidole. Kilikuwa bado na vuguvugu. Aligusa na vile vingine viwili. Twaha alimwona akivihesabu kwa midomo, kisha akaanza tena kuvihesabu.

— Nani amekunywa kahawa yangu? aliuliza. Hasira haikuwemo katika swali hilo. Ulikuwamo woga.

Halafu hasira ikaja. Alisimama, akanyoosha mkono kuelekea nguzo.

— Nipe ufunguo wangu. Twaha! Pikipiki yangu, kichwa changu. Nipe!

— Hautoki.

— Mzee ameshaamua!

— Twaha, VAR alisema, safari hii kwa sauti ndogo. Utaratibu ni utaratibu. Huna kura.

— Sipigi kura, mzee. Nakataa.

Taratibu alipiga hatua moja. Ya pili haikufika chini sawasawa. Eksirei alimdaka kwapani. Walimkalisha. Najma alikuwa ameshasimamisha bajaji.

Kuhusu hospitali ipi, ubishi haukuchukua hata nusu dakika. Eksirei aliingia bajaji na mgonjwa, akamwegemeza begani. VAR alivua koti lake, akalikunja, akalipitisha dirishani liwe mto. Dereva wa bajaji aliambiwa aende polepole penye matuta, na aliambiwa na watu wanne kwa wakati mmoja.

Najma aliondoka saa kumi na dakika ishirini na tano na dereva mwingine ambaye Twaha alimwita kwa simu. Dereva huyo hakuwa na helmeti ya abiria. Twaha alikwenda kwenye pikipiki ya Taratibu, akaitoa ile iliyoning'inia kwenye usukani, akampa.

— Utairudisha kesho.

— Nitairudisha mie mwenyewe, Najma alisema.

Kifurushi alivuka njia, akanunua bando, akarudi akakaa. Ukurasa ulifunguka. Alisoma kimya, akampa Twaha simu. Dalili ya tatu iliandikwa hivi: kuuliza au kusema jambo lile lile tena na tena. Twaha alimrudishia simu. VAR hakuomba kusomewa.

— Kile kikosi, alisema baada ya muda. Tungemwuliza alikula nini asubuhi.

— Tungemwuliza, Kifurushi alisema.

VAR alifunika kikombe chake kabla hakijaisha.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi Eksirei alipiga simu kutoka hospitali. Twaha aliweka sauti ya juu wote wasikie. Taratibu alikuwa ametapika mara mbili ndani ya bajaji. Alikuwa amepigwa picha ya kichwa. Daktari alisema hajaona damu ndani, ila ubongo umetikisika; atalala hapo chini ya uangalizi hadi kesho, na pikipiki asiiguse mpaka watakapomruhusu wao. Mke wake alikuwa amefika. Taratibu amemtambua, amemwita kwa jina, kisha amemwuliza nani kafunga kitambaa chekundu kwenye ufunguo, naye mke amemjibu kwamba ni yeye mwenyewe.

— Daktari ametumia dira? VAR aliuliza.

— Mzee, hebu niache.

— Nauliza tu.

— Taratibu anataka kuongea na Twaha. Twaha, huyu hapa.

Zilisikika sauti za wodini, kisha pumzi.

— Twaha. Leo nilikunywa kahawa?

— Ulikunywa, kaka.

— Vingapi?

— Viwili. Cha tatu kilikuwa maji ya tangawizi.

— Mie? Mie nakunywaga kimoja. Kwa hiyo ufunguo unao wewe.

— Uko msumarini.

— Uache hapo hapo.

Saa kumi na mbili na robo Twaha aliosha vikombe vyote, akamwagia jiko maji, akakunja turubai. Eksirei aliporudi kutoka hospitali, waliiburuta pikipiki hadi karakana yake, wakaifungia ndani. Saa moja kasoro dakika tano, alipoondoka, ufunguo ulikuwa bado kwenye msumari.